Tawi Alilolikataa Wifi Yangu

Huko Sherikat, ng'ambo ya daraja, wanasema wifi yangu Natalina aliwapa maharusi tawi la msiba kwa makusudi, kwa wivu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuolewa. Hapa mtaani kwetu Nyakuron, Juba, hawasemi mbele yangu, ila nikiingia dukani mazungumzo hukatika. Nimekuwa mwalimu mkuu miaka mingi na naijua sauti ya darasa linalonyamaza ghafla. Basi naandika jinsi mambo yalivyokuwa. Ukweli wake ni aibu ya kutosha, hauhitaji kuongezewa chumvi.

Natalina ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, Fortunato. Alizaliwa juu katika milima ya Imatong, na wakati wa vita vya kwanza vya Sudan mama yake alimshusha akiwa mgongoni, akapita naye Uganda, akaishia Kitale, Kenya. Fortunato, aliyekuwa tumboni safari hiyo, alizaliwa huko huko Kitale. Baba yao hakufika. Mama alipalilia mahindi katika mashamba ya watu, na Natalina alipopata nguvu za kushika jembe akapalilia pembeni yake, ili mdogo wake asome. Fortunato alisoma mpaka chuo kikuu. Huko ndiko nilikokutana naye, mimi niliyezaliwa Eldoret kwa wazazi wa ukoo mwingine wa huku huku nyumbani. Kila kitu kizuri katika nyumba yangu, kuanzia shahada ya mume wangu iliyotundikwa ukutani, kilianzia kwenye viganja vya Natalina. Wanaomsema wangeanza kwa kuviangalia viganja hivyo.

Amani iliposainiwa tulirudi sote Juba, naye akakaa nasi. Hushona milaya, yale mashuka ya kutarizi ambayo kila bibi harusi wa hapa hupewa, na maua yake hujulikana mjini kote. Ni mrefu, sauti yake ya chini, na akicheka hucheka kwa mabega tu. Fortunato alipougua na kufa, yeye ndiye aliyenishika nisianguke kaburini. Alimlea binti yangu Albina kama wake.

Sasa kuhusu tawi. Katika ukoo wa mume wangu, siku upande wa bwana harusi unapokuja kupokelewa, huja na tawi la lohirwa. Ni kichaka cha juu mlimani, chenye maua ya manjano. Shangazi wa bibi harusi husimama mlangoni, hulipokea, hulikagua, na likimridhisha hulichomeka juu ya mlango; baadaye maharusi hulihamishia kwenye mlango wao. Bila tawi hilo hakuna ukwe, hata mkija na ng'ombe wa kujaza uwanja. Lakini lohirwa halioti Juba. Joto la hapa linakausha hata nia ya mtu. Kwa hiyo Natalina, tulipokuwa tunafunga mizigo Kitale, alipanda milima ya Cherangani, akachimba mche, akautia katika kopo la rangi na kuupakata njia nzima. Aliuweka nyuma ya jiko langu, chini ya kivuli cha magunia aliyoyalowesha asubuhi na jioni. Uliishi. Haukuwahi kutoa ua hata moja, ila uliishi na kutoa matawi.

Hivyo watu wa ukoo waliokuwa wanaoa hapa mjini wakawa wanakuja kwake asubuhi kuomba tawi, na mchana wanalipeleka mlangoni kwa wakwe. Walitoka Gudele, Munuki, Sherikat. Nilikuwa naandaa chai. Nakiri nilipenda kuona watu wazima na suti zao wakisubiri nyuma ya jiko langu.

Alimfundisha Albina kulitambua tawi hilo, na mimi nilikuwa nasikiliza huku nasahihisha madaftari. Lohirwa, alisema, lina dada yake. Wameota mlima mmoja, wana rangi moja, na ukiwapita mbio utadhani ni mmoja. Lakini dada huyo ni wa msiba. Huchomekwa juu ya mlango wa nyumba iliyofiwa. Kuwachanganya ni kumletea mtu kilio siku ya furaha yake.

"Usiangalie rangi," alimwambia mtoto. "Inua jani, liweke kwenye mwanga. La kwetu ni jembamba, limekumbatia kijiti, na mishipa yake yote inatoka chini na kupanda pamoja kama nywele zilizochanwa. La dada yake ni pana, na mishipa imefumana kama wavu. Na jambo jingine: lohirwa huletwa bila maua. Ukiona tawi la harusi lina maua, wanaolileta hawajui."

"Nani alikuambia, shangazi?"

"Bibi yako. Naye hakuwa mtu wa kubahatisha."

Albina alipopata mchumba, nilifurahi kwamba ni kijana wa milima ile ile. Santino ni fundi wa mitambo ya maji, mpole, anavaa viatu safi. Watu wake ni wale waliobaki mlimani vita vyote, wakateremka Sherikat miaka ya karibuni tu. Msemaji wao ni shangazi yake, Mama Yangi, mwanamke mzee anayeuza asali kando ya daraja. Huyu hakuja kuomba tawi letu. Alipoambiwa liko nyuma ya jiko, alicheka na kusema wao wana mlima wao. Akatuma mtu hadi Gilo, huko huko mlimani.

Siku yenyewe ua wetu ulijaa. Tulikuwa tumekodi mahema na viti. Kevina, jirani yangu Mganda mwenye duka, alikuwa anasimamia masufuria. Wageni walisimama nje ya lango kama desturi inavyotaka.

"Hodi, wenye nyumba."

"Mmekuja na nini?" Natalina aliuliza.

"Tumekuja na mlima," Mama Yangi akajibu, akafungua majani mabichi yaliyolowa na kutoa tawi. Ncha yake ilikuwa na kichala cha maua ya manjano.

Natalina alilipokea kwa mikono miwili. Nilimwona anatazama maua. Kisha akainua jani moja kwenye mwanga, akaligeuza, akainua jingine.

"Mama, hili mmelitoa wapi?"

"Kwenye mlima wa baba yako."

"Hili si lohirwa. Hili ni dada yake."

Mama Yangi alidhani ni utani wa wakwe, maana siku hiyo watu hutaniana. Alisema kwa Kiarabu cha Juba, akichanganya na Kiswahili ili wote wasikie, "Ya bit, binti wewe, ulitoka kule ukiwa bado unanyonya. Pokea tawi, jua kali."

"Nilitoka nikinyonya, lakini mama yangu hakuwa akinyonya," Natalina akajibu. "Jani pana. Mishipa ya wavu. Tena lina maua."

"Wametuletea shada la kaburi!" akapaza sauti binamu mmoja wa upande wetu, na vijana wakacheka. Hapo utani ukafa.

Mama Yangi alinitazama mimi, mwenye nyumba. Nami nilisimama na wifi yangu, kama ambavyo yeye amesimama nami siku zote. Nilisema kwa sauti yangu ya ofisini kwamba nyumba ya marehemu Fortunato haipokei chochote tu kinacholetwa, na kwamba wakipata lililo sahihi milango iko wazi.

Tawi lililokataliwa halirudishwi mkononi. Natalina aliliweka chini, kizingitini. Wageni waligeuka mmoja mmoja na kutoka bila kugusa soda. Santino alitoka wa mwisho, akitembea kinyumenyume, macho yake kwa Albina.

Kevina akatokeza kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Mama Albina, sasa hii chakula yote mimi iko peleka wapi? Na pilau iko tayari!"

Albina hakula. Alikaa chumbani na gauni lake, na nilipoingia alisema bila kugeuka, "Ni jani, mama. Mmeninyima mume kwa ajili ya jani."

"Ni heshima ya baba yako."

"Baba angeuliza kwanza."

Santino alipiga simu baadaye. Alisema kwa adabu kwamba shangazi yake amekataa kusikia jina letu, ila ameacha neno moja: aliyekataa tawi apande mlima akaone kwa macho yake, ndipo aongee. Albina alinipa simu kama mtu anayekabidhi barua ya msiba.

"Nitapanda," Natalina alisema. Hakuwa na hasira. Alikuwa na hakika, na mtu mwenye hakika hutulia.

Nilikwenda naye. Barabara ya kule si ya mwanamke mmoja, na pia, nisijifiche, nilitaka niwepo Mama Yangi atakapoonekana mwongo. Tulipanda gari la abiria la kwenda Torit. Tulipopita Nesitu malori yamejipanga na madereva wanapiga mswaki, Natalina alikuwa anazungumza sana, anacheka kwa mabega, ananionyesha vilima na kuniambia majina aliyoambiwa na mama yake. Kutoka Torit tulikodi pikipiki mpaka Katire, na toka hapo tukapanda kwa miguu. Hewa ikawa baridi. Miti ikawa mikubwa, kisha ikawa mifupi, na ukungu ukawa unaingia na kutoka kati yetu.

Tulivikuta vichaka vyote viwili ukingoni mwa njia, vimesimama pamoja kama majirani. Vilikuwa vimechanua. Kimoja kilikuwa na majani membamba, na kila kijiti kilibeba ua moja tu nchani, kubwa, peke yake. Kingine kilikuwa na majani mapana, na maua yake yalikaa kwa vichala, yamesongamana kama watoto kwenye benchi. Mimi nisiyejua mimea nisingevichanganya. Ni pale tu ungeyaondoa maua ambapo ungehitaji kuinua jani kwenye mwanga.

Natalina alikata jani jembamba, akaliinua, akaona mishipa iliyochanwa. "Hili la kwetu," alisema.

"Basi umeliona. Turudi."

"Ngoja, wifi."

Alikuwa anatazama maua, na kicheko kilikuwa kimemkauka. Tulipanda mpaka nyumba za kwanza. Juu ya mlango wa kibanda kipya kulikuwa na tawi linaloanza kukauka, lenye vichala. Ndani msichana mwenye shanga mpya alikuwa anasaga nafaka, na mumewe anamchokoza kwa maneno kutoka uani. Tukaenda mbele kidogo. Uani mwa nyumba nyingine watu walikuwa wamekaa kwenye mikeka, wamenyoa vichwa, hawasemi. Juu ya mlango wao kulikuwa na tawi la majani membamba, na nchani mwake ua moja.

Mwanamke aliyebeba kuni alisimama, akautua mzigo wake. Natalina alimwuliza kwa lugha yao, akanifasiria baadaye, ingawa nyuso zao zilikwisha kunieleza.

"Mlango ule una nini?"

"Wamefiwa na baba yao."

"Na tawi?"

"Ua moja ni la aliyebaki peke yake. Vichala ni vya wanaoanza kujaza nyumba. Kwani wewe hujui? Umefika mtu mzima hivyo. Mtoto wa nani wewe?"

Huko mlimani hilo ndilo swali la kwanza na la mwisho. Natalina analijua jibu tangu utotoni, alilisema kama sala kila jioni kule Kitale ili asilisahau: jina la mama, la baba, la babu, mpaka kisima cha ukoo wao. Alifungua mdomo, akaufunga. "Natoka Juba," alisema.

Yule mwanamke akajitwika kuni zake na kwenda. Wifi yangu akakaa chini pale njiani, kwenye matope, na sketi yake nzuri.

Aliongea tulipokuwa tunashuka. Alisema mama yao alikuwa akienda naye Cherangani kukata tawi kila palipokuwa na harusi ya watu wetu Kitale. Wakati wa kurudi, kabla ya kufika kwenye nyumba za watu, mama alisimama mtoni, akachuma maua yote na kuyatupa majini. Natalina alimwuliza mara moja kwa nini anayatupa. Mama akajibu kwamba lohirwa huletwa bila maua.

"Alijua," Natalina alisema.

"Wifi, usiseme hivyo."

"Alijua. Lile la vichala hakulipata tulikofika, au lilikuwa mbali, sijui. Na watu walitaka kuoana. Basi akalitoa maua ili pasiwe na tofauti. Mimi nikalifanya sheria."

Nilikuwa namwona mama mkwe wangu, mwanamke aliyekuwa akivaa viatu kanisani tu ili visichakae, amesimama mlangoni kwa wazazi wangu Eldoret siku ya harusi yangu. Tawi mkononi mwake lilikuwa tupu, safi, la kijani. Fortunato aliniambia sikioni, "Sasa huwezi kukimbia." Nimesoma, na siamini kwamba jani linaua mtu. Hata hivyo nilishuka mlima ule wote na mlango huo mbele ya macho yangu.

Tulipofika kwenye vile vichaka viwili, nilimwambia tukate tawi la vichala, tulipeleke Sherikat, tuseme tumeona, yaishe. Waliokwisha kuoana wameoana. Kuwafuata sasa ni kumfukua mama yake na kumweka barabarani.

"Ninamlinda mama," nilisema.

"Najua unalinda nini, wifi," alijibu, akainama kukata. Hakusema kwa ubaya. Ningependa angesema kwa ubaya.

Kwa desturi, aliyekataa tawi hulibeba yeye mwenyewe kichwani na kulipeleka kwa aliowakataa, mchana, watu wanaona. Tulishuka kwenye raksha ya magurudumu matatu kabla ya kona ya Sherikat, tukatembea. Wenye maduka walitoka nje. Madereva wa malori waliuliza kwa sauti kama ni maandamano. Nilikuwa nimevaa nguo za kanisani, na nilitazama mgongo wa Natalina njia nzima ili nisitazame kitu kingine.

Mama Yangi hakutukaribisha ndani. Alituacha tumesimama langoni, juani, na watoto wa jirani wakaja kukaa kwenye ukuta. Alilichukua tawi, akainua jani kwenye mwanga, akaligeuza, akainua jingine, kama alivyotendewa. Alikawia makusudi. Alikuwa na haki ya kukawia.

"Ya bit. Umeona?"

"Nimeona, mama. Nisamehe. Nilikukosea mbele ya watu na naomba msamaha mbele ya watu."

"Hilo langu limekwisha. Lile la kwenye kopo je?"

Natalina aliangalia tawi mkononi mwa yule mzee.

"Juba yote inajua una kopo nyuma ya jiko la mwalimu. Matawi yake yalikwenda wapi?"

"Kwa watu."

"Wanajua?"

"Hawajui."

"Na nani alikufundisha?"

"Nilikosea mimi," Natalina alisema upesi.

Mama Yangi alilishusha tawi. "Mama yako nilimjua. Mimi msichana, yeye mke mpya, tunachota maji mahali pamoja. Hakuwa mtu wa kukosea majani."

Mpaka leo sijui kama ilikuwa sifa au kisu. Natalina aliinamisha kichwa, na kwa kitendo hicho, nadhani, yule mzee akapata jibu lake. Hakuuliza tena. Alisema tu kwamba kijana wake hataoa kwenye nyumba inayoficha. Twende kwanza kwa wote waliopewa lile tawi, mlango kwa mlango, tuwaambie. Tukimaliza, Santino atakuja kumchukua mke wake. "Na wewe mwalimu utakwenda naye," aliongeza, "maana siku ile ulisema vizuri sana."

Kwa hiyo tulikwenda. Nilitaka binti yangu aolewe, na Albina alikuwa ananitazama kila asubuhi. Nilivaa viatu vyangu vizuri, nikachukua mkoba, kana kwamba tunakwenda kumwona mgonjwa. Kila mahali Natalina alisema maneno yale yale machache: tawi nililowapa lilikuwa la msiba, sikujua, sasa najua, nisameheni. Mama yake hakumtaja hata mara moja.

Mlango wa kwanza ulikuwa Gudele. Yule bwana alisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mkewe. "Kwa hiyo siku zote hizi mimi si mume wako? Basi leo kibali changu cha kwenda kwa rafiki zangu nimejipa mwenyewe!" Mke akamtupia kandambili. Tulicheka, tukanywa chai, nikadhani mambo yatakuwa hivyo.

Hayakuwa hivyo. Munuki mama mkwe mmoja alitusikiliza akiwa ameshika mlango, na tulipomaliza akaufunga taratibu, kwa adabu, usoni kwetu. Mwanamke mwingine alilia, akasema mimba zake zilizoharibika sasa amejua sababu. Natalina akapiga magoti mbele yake na mimi nikabaki nimesimama na mkoba wangu, nikitafuta maneno ya kisayansi ambayo hakuna aliyeyaomba. Kijana mmoja alituuliza kama tunatafuta kurudishiwa kitu. Kabla hatujamaliza Munuki habari ilikwisha kuvuka daraja, na ilipovuka ilikuwa imebadilika. Wifi yangu akawa mchawi wa kopo la rangi. Mfanyakazi mwenzangu wa zamani alinipigia simu kunipa pole, na katika pole hiyo nilisikia jinsi anavyofurahi.

Mmoja tulimwacha mwisho, tukisema ni kwa sababu yuko karibu. Celestina anakaa hapa hapa Nyakuron, mtaa wa nyuma ya kituo cha utamaduni. Natalina alimshonea milaya ya harusi. Mume wake alikuwa dereva wa lori, na lori lilipinduka naye barabara ya Nimule, mtoto wao hajaanza kutembea. Nilikwenda kwenye msiba huo na sahani ya mchele.

Tulimkuta uani akianua nguo. Alitukalisha. Natalina alisema maneno yake, safari hii kwa sauti ambayo nililazimika kuinama kuisikia.

Celestina alikunja shati dogo la mtoto, akaliweka juu ya mengine. "Kwa hiyo mlango wangu ulikuwa umefiwa tangu siku ile ya kwanza."

"Mwanangu," nilisema, "lile lori lilikatika breki. Barabara ile inaua watu kila mwezi, wenye matawi na wasio na matawi."

"Mama mwalimu, sijakuuliza wewe." Hakupaza sauti. "Nimemwuliza shangazi."

Natalina alikaa na mikono yake mapajani. Nilitaka amwambie hapana. Neno moja tu, hapana, na mtu mzima yeyote angelisema kwa huruma.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Tawi nililitoa mimi. Mengine sijui."

Celestina aliingia ndani, tukasikia kiti kikiburutwa sakafuni hadi mlangoni, akapanda, akatoka na kijiti kikavu cha juu ya mlango ambacho hakikuwa na jani tena. Alikiweka kwenye kiganja cha Natalina na kumfunga vidole kimoja kimoja. "Mmesema, nimesikia," alisema. "Nendeni salama."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nilimkasirikia. Nilimwambia angeweza kumpunguzia mtoto yule mzigo. Akasema mama yake alimpunguzia kila mtu mzigo, na sasa tazama. Jumapili iliyofuata alilichukua kopo na kuupanda mche makaburini, miguuni pa Fortunato. Joto liliuua upesi.

Nimeandika juu ya mama mkwe wangu baada ya kumwomba Natalina ruhusa. Nilimweleza kwamba watu wanasema alifanya kwa wivu, na kwamba njia ya kumtetea ni kusema kosa lilikoanzia. Alitarizi ua zima kabla ya kunijibu. "Basi andika pia kwamba watu walitaka kuoana," alisema. Naandika. Walikuwa wakimbizi, wametoka na nguo walizovaa, watoto wao wamekua na wanapendana. Mwanamke mmoja akapanda mlima usio wake kuwatafutia kitu cha kuweka juu ya mlango. Namwelewa. Hata hivyo namwonea aibu, na nina aibu kwamba namwonea aibu.

Albina aliolewa mvua zilipokatika. Mama Yangi alikuja na tawi la vichala, na binamu mmoja wa kike wa mume wangu, anayekaa Munuki, akasimama mlangoni kulipokea, maana Natalina alisema yeye hatasimama tena mlangoni pa mtu. Binamu hakuinua jani lolote kwenye mwanga. Alilichomeka juu haraka, kama mtu anayezima moto, na watu wakapiga vigelegele vikubwa kuliko kawaida.

Wifi yangu alikuwa jikoni na Kevina, akipakua. Alikuwa amekwenda mwenyewe kumwalika Celestina, akamwekea kiti karibu na lango na sahani iliyofunikwa. Kila lango lilipolia aliinua kichwa. Nilimwona, kwa sababu mimi pia nilikuwa naangalia. Wageni walikula, wakacheza, wakaanza kuaga, na Kevina akaja kuuliza kama ile sahani aipashe moto. Natalina akamwambia asubiri kidogo. Celestina hakuja.